Kobe wa mabaka katika baridi ya Leeds, Uingereza

Kobe huyu niliachiwa na bibi jirani alipohamia nyumba ya wazee. Nilipomwona tu nilijua ni wa kwetu: kobe wa mabaka, kama wale tuliokuwa tukikutana nao porini Dodoma mvua zikianza.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua kobe wako ni wa aina gani. Wale wa Ugiriki na Uturuki hulala miezi ya baridi, na wafugaji wa huku huwalaza hata kwenye friji, kwenye nyuzi 5 hivi. Wa mabaka hana usingizi huo. Nilishauriwa mara mbili nimlaze, na watu wenye nia njema kabisa. Usithubutu, utamuua.

Hita ya chumbani haimtoshi. Mtengenezee meza pana yenye kingo: upande mmoja, chini ya taa ya joto, ufike nyuzi 35, wa pili ubaki 25, achague mwenyewe. Usiku isishuke chini ya 18. Mwili wa kobe hautengenezi joto la kutosha, na akipoa, chakula hakisagiki tumboni.

Lakini kinachowaumiza wengi ni mwanga. Bila miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, kobe hapati vitamini D, kalsiamu haikai mifupani, gamba linalainika. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo cha kawaida huizuia miale hiyo. Na taa ya UVB huisha nguvu huku inawaka! Huyu wangu alifika ukingo wa gamba ukibonyea kwa kidole, na taa yake ilikuwa inang'aa vizuri tu. Ilikuwa na miaka minne. Badilisha kila mwaka, au mapema zaidi kama kiwanda kinavyoelekeza. Desemba mchana wa huku haufiki urefu wa saa nane, basi mimi nawasha taa saa moja asubuhi, nazima saa moja jioni, kama nyumbani.

Chakula ni nyasi, mbichi na kavu, na magugu. Kuna gugu la maua ya njano, huku huitwa dandelion, chungu kama mchunga wetu, analipenda mno. Nyunyizia unga wa kalsiamu. Matunda na chakula cha mbwa, hapana.

Mwogeshe maji ya uvuguvugu, kisha mkaushe. Baridi ikichanganyika na unyevu huingia mapafuni: ukiona mapovu puani au anahema mdomo wazi, mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari anayewajua kobe.

Kiangazi namtoa bustanini jua likiwaka, na kabla halijazama nimeshamrudisha ndani.