Neno kali likitoka hewani: ulikate au umuulize aliyelisema?

Mtangazaji wa Kenya anayepokea simu za siasa moja kwa moja, aanze na kifaa cha kuchelewesha sauti. Mara nyingi huwekwa sekunde 7, yaani msikilizaji husikia neno sekunde 7 baada ya kusemwa. Ukibonyeza kitufe cha kukata, sekunde hizo hutupwa, kisha kifaa hujijaza upya polepole. Hapo ndipo wengi hunaswa: mpigaji wa pili anatusi kabla hakijajaa, na huna kinga tena. Weka matangazo ya biashara au wimbo mpaka kijae ndipo uchukue simu nyingine. Kila mpigaji azime redio yake kwanza, la sivyo atajisikia kwa kuchelewa na achanganyikiwe.

Sasa, ukate nini? Usikate eti kwa sababu neno limekuuma. "Gavana ametusahau, ni kiongozi bure kabisa" ni maoni. Yaache, hata simu ya ofisini kwake ikilia. "Gavana ameiba" ni tuhuma: uliza ushahidi papo hapo, na mpe anayetajwa nafasi ya kujibu. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kuchafua jina, lakini kesi ya madai bado ipo.

Kazi ngumu iko kwenye matusi ya kikabila. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 kinamshika mwenye nia ya kuchochea chuki, na pia yule ambaye maneno yake, kwa mazingira yalivyo, yanaelekea kuichochea. Faini haizidi shilingi milioni 1, kifungo hakizidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo "sikuwa na nia mbaya" peke yake haitoshi.

Chukua neno "madoadoa". Kwenye shati halina neno. Bonde la Ufa, kwa watu waliofurushwa mashambani baada ya uchaguzi wa 2007, linamaanisha jirani wa kabila jingine anayetakiwa aondoke. Mpigaji akisema, "Huku tumechoka na madoadoa," weka kidole kwenye kitufe, umuulize: "Mzee wangu, madoadoa ni akina nani?" Akijibu ni wajumbe waliohama chama, mwombe atumie neno jingine, aendelee. Akitaja kabila, kata. Usimuulize wafanywe nini. Swali hilo linamfungulia mlango wa kuchochea.

Orodha ya maneno yaliyokatazwa ibandikwe studio, lakini isiamue badala yako. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, huku wakiuawa. Mama wa hoteli anayelalamikia mende wa sokoni anasema neno lilelile, na kumkata ni kumnyima haki yake bure. Wachochezi nao hubadilisha msamiati kila msimu, kwa hiyo angalia nani anasemwa, wapi, na kama kuna joto la uchaguzi.

Ukishakata, waeleze wasikilizaji sababu bila kulirudia neno. Andika saa, dakika na sababu kwenye daftari, na uihifadhi rekodi nzima. Kisha mpigie uliyemkata nje ya hewa. Mara nyingi chini ya tusi kuna shamba au kazi iliyopotea. Akikubali kulieleza hilo bila kutusi kabila la mtu, mrudishe hewani kipindi hichohicho.