Namna ya kumtambua mwandishi kwa tabia zake za kuchapa

Una andiko lisilo na jina, na watu watatu au wanne wanaodhaniwa kuliandika. Anza kwa kukusanya maandishi ambayo una hakika ni yao, ya aina ileile: barua pepe kwa barua pepe, ujumbe wa simu kwa ujumbe wa simu. Chukua faili lenyewe. Ukilichapa upya, utaanza kujichunguza mwenyewe.

Pili, sahau mada. Maneno mazito mtu huyachagua. Nafasi na vituo hujiendea. Je, baada ya nukta anaacha nafasi moja au mbili? Anaacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza? Akikatiza wazo huweka nukta mbili au tano? Ni "kwa sababu" au "kwasababu"?

Mimi hukimbilia ng'. Kuna anayeweka alama iliyosimama wima ('), mwingine iliyopinda (’), mwingine ile ya mshazari (`), na wapo wanaoandika "ngombe" wakapita zao. Ila angalia: programu nyingi huipinda alama hiyo zenyewe, kwa hiyo huenda umetambua kifaa tu. Toa kwanza kazi ya mashine, kisha tazama kilichobaki.

Tatu, hesabu, kwa kila maneno 1000. Jambo lililotokea mara moja ni kidole kuteleza. Mwaka 1964 wanatakwimu Mosteller na Wallace walichapisha uchunguzi wa makala 12 za karne ya 18 zilizogombaniwa kati ya Hamilton na Madison, wanasiasa wa Marekani. Hamilton alitumia neno la Kiingereza "upon" (juu ya) takriban mara 3 kwa maneno 1000. Madison kwa nadra mno. Katika makala zile kineno hicho kidogo kilikuwa adimu, na hilo lilisaidia kumwelekea Madison.

Kupima muda kati ya kitufe na kitufe ni kazi nyingine: lazima mtu arekodiwe akichapa.

Nne, mwombe mwenzako afute majina na achanganye maandishi ya mtu asiyehusika kabisa, ili ulinganishe bila kujua ni ya nani. Hatua hii niliwahi kuiruka. Nikamnyooshea mtu kidole kwa sababu ya nafasi mbili baada ya nukta, kumbe rasimu zote za ofisi ile zilipitia kwa katibu muhtasi mmoja, na nafasi zilikuwa zake. Tangu hapo ripoti zangu husema "yanalingana na maandishi ya fulani". Sijaandika tena "ndiye".