Kupokea wanachama wanaolipa katika kundi la WhatsApp

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia dada mmoja wa hapa Lubumbashi, Kongo, ambaye kundi lake huwapasha wachuuzi habari za bei na za barabara ya Kasumbalesa, mji ulio mpakani na Zambia.

1. Amua fedha zitatoka wapi. Mimi napendelea mchango wa kila mwezi. Matangazo ya kulipiwa yawe na siku moja tu kwa juma, la sivyo watu watazima sauti ya kundi.

2. Fungua kundi la wanaolipa, kisha katika mipangilio yake washa idhini ya msimamizi, ili kiungo kikisambaa kila anayekibonyeza asubiri kukubaliwa. WhatsApp hupokea watu 1,024 kwa kundi. Telegram hufika 200,000, lakini nafasi hiyo yote haina maana ikiwa wateja wako hawaitumii.

3. Hakikisha malipo kabla ya kumkubali mtu. Usipokee picha ya ujumbe wa malipo, kwa kuwa picha hurekebishwa, na hata ujumbe uliofika kwenye simu yako huenda umeandikwa na tapeli. Fungua menyu ya akaunti yako na utafute muamala wenyewe. Ugumu zaidi ni kujua nani amelipa: mtu huomba kujiunga kwa namba moja, ilhali fedha zimetoka kwenye Airtel Money iliyosajiliwa kwa jina la mjomba wake. Kwa hiyo, kabla hajalipa, akuandikie namba itakayotuma na jina lililosajiliwa. Akishalipa, akuandikie namba ya muamala kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba akaunti ya dola na ya faranga ni mbili tofauti, hata kwenye M-Pesa: ukitazama faranga peke yake, utamkatalia mtu aliyelipa kwa dola. Chagua sarafu moja, na utangaze mapema nani anabeba makato. Mtandao ukichelewa, liache ombi lisubiri. Usilikatae wala usilikubali kwa huruma, hata kama mwombaji ni shemeji yako.

4. Mkaribishe kwa ujumbe mmoja wenye kanuni na tarehe ya mwisho wa mchango wake, ikihesabiwa tangu siku aliyoingia.

5. Mkumbushe faraghani siku 3 kabla ya tarehe hiyo. Asipolipa, mwondoe bila kumtaja kundini. Orodha ya tarehe naiweka katika daftari la karatasi, ambalo halihitaji umeme.