Shingo iliyotangulia mbele: mazoezi ya kijana anayeinamia simu

Mtazame kwa ubavu kijana aliyezama kwenye simu: sikio limelipita bega. Kichwa cha mtu kina uzito wa kama kilo 5. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj alikokotoa kwamba kikiinama nyuzi 60, shingo huelemewa kana kwamba imebeba kilo 27. Zilikuwa hesabu za kompyuta tu, hakupima shingo za watu, kwa hiyo usitishike. Shingo inazoezeka.

Hatua ya 1: Jipime. Simama, mgongo na makalio yaguse ukuta, visigino viwe mbele kidogo. Usiinue kidevu. Kisogo kisipogusa ukuta, mwenzako ahesabu vidole vinavyoingia kwenye nafasi iliyobaki. Andika idadi.

Hatua ya 2: Kuvuta kidevu ukiwa umelala. Hili ndilo zoezi lenyewe, na ndilo linalokosewa zaidi. Lala chali bila mto, taulo jembamba lililokunjwa likiwa chini ya kichwa. Rudisha kidevu taratibu kana kwamba unatafuta kidevu cha pili. Kichwa kisinyanyuke, kisogo kiteleze juu ya taulo kuelekea utosini. Shikilia sekunde 5, achia, rudia mara 10.

Sasa weka vidole pande mbili za koo. Kamba mbili za misuli zikitutumka, umetumia nguvu mno: tunayoitaka ni misuli midogo iliyojificha nyuma ya koo. Kijana mmoja niliyemhudumia alikuwa akiuma meno na kubana pumzi, kisha analalamika kichwa kinamgonga. Nilimwambia ahesabu kwa sauti huku akivuta. Mtu anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Ukilizoea kwa wiki moja, lifanye ukiwa umekaa.

Hatua ya 3: Kufungua kifua. Simama mlangoni, viganja na viwiko kwenye fremu, songa mbele mpaka kifua kivutike. Sekunde 30, mara 3.

Hatua ya 4: Mabega. Egemea ukuta, mikono imekunjwa kama mtu aliyeamriwa ainue mikono juu. Ipandishe na kuishusha bila kuibandua ukutani, mara 10. Mwanzoni itabanduka tu. Ishia pale inapofika.

Fanya yote kila siku. Simu nayo iinue ilingane na macho, viwiko vikiegemea mto mapajani, maana mkono usio na egemeo utachoka na simu itarudi chini yenyewe.

Mikono ikifa ganzi au kulegea, ukiwa na homa, au maumivu yakikuamsha usiku, acha mazoezi umwone daktari.

Baada ya wiki 6 rudi ukutani. Apime yule yule wa mwanzo. Mwenye vidole vinene atakutangazia umepona kabla ya wakati.