Somo: Namna ya kupima hatua za serikali za kubana matumizi bila ushabiki wa chama

Serikali inapotangaza kwamba imebana matumizi, wasomaji wengi huwa wameshatoa hukumu kabla ya kuona tarakimu yoyote: anayempenda mtawala huona uzalendo, na asiyempenda huona maigizo. Katika somo hili nitatumia hatua za Rais John Magufuli baada ya kuapishwa Novemba 2015, pamoja na kazi ya DOGE, chombo cha kupunguza matumizi ya serikali ya Marekani kilichoundwa na Rais Donald Trump Januari 20, 2025 na kuhusishwa zaidi na Elon Musk. Nimeiweka mifano hii pamoja kwa makusudi, kwa kuwa ni wachache wenye hisia zinazolingana juu ya viongozi hawa wawili.

Hatua ya kwanza: andika vipimo vyako kabla ya kusoma taarifa. Vitatu vinatosha: ni fedha kiasi gani ambazo kweli hazikutoka hazina, ni huduma gani iliyopungua, na ni nani aliyekagua.

Hatua ya pili: tenganisha kuokoa na kuhamisha. Sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 zilifutwa, siku hiyo ikafanywa ya usafi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ile, uamuzi huo una mantiki, lakini fedha zilizohama fungu hazikupunguza jumla ya matumizi. Aliyesema Rais ameokoa bilioni 4 alikosea, na aliyesema hakuna kilichofanyika alikosea vilevile. Kilichobadilika ni vipaumbele.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi: tofautisha ukomo wa mkataba, yaani kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa kulipwa, na fedha ambazo kweli zingetumika. Orodha ya mikataba ambayo DOGE ilisema imevunjwa, iliyotolewa Februari 2025, ilitaja mkataba mmoja wa idara ya uhamiaji kuwa wa dola bilioni 8, kumbe ulikuwa wa dola milioni 8. Kosa la namna hiyo hugunduliwa upesi. Gumu zaidi ni lile lisiloonekana kuwa kosa. Chukulia ofisi imesaini mkataba wa huduma wenye ukomo wa dola milioni 100 kwa miaka mitano. Kufikia mwaka wa tatu imelipa milioni 30, na makisio yanaonyesha kwamba hadi mwisho ingelipa milioni 40. Mkataba ukivunjwa leo, mtangazaji anaweza kudai ameokoa milioni 70, ilhali kilichookolewa hakizidi milioni 10, na hata hizo hupungua iwapo kuna fidia ya kulipwa. Sehemu kubwa ya ubishi juu ya orodha ile ilitokana na hesabu za aina hii.

Hatua ya nne: linganisha na jumla. Musk alitaja dola trilioni 2 wakati wa kampeni ya 2024, akashuka hadi trilioni 1, na Aprili 2025 akataja bilioni 150. Matumizi ya serikali kuu ya Marekani katika mwaka wa fedha 2024 yalikaribia trilioni 6.75, kwa hiyo hata lengo hilo la mwisho lilikuwa asilimia 2 na ushee. Mwaka uliofuata matumizi yalipanda. Haki inatudai tuongeze kwamba mafungu makubwa yanayopanda, yaani pensheni, matibabu ya wazee na riba ya deni, hayakuwa mikononi mwa chombo hicho.

Hatua ya tano: geuza jina la kiongozi, uone kama hukumu yako inabaki ileile. Kuanzia 1993, chini ya Rais Bill Clinton na makamu wake Al Gore, ajira za serikali kuu ya Marekani zilipunguzwa kwa zaidi ya nafasi 300,000, na sheria ya 1994 iliruhusu malipo ya hadi dola 25,000 kwa waliokubali kuondoka. Ikiwa ulisifu punguzo lile na kulaani la DOGE la 2025, au kinyume chake, taja tofauti inayokusukuma. Huenda ipo ya kweli, kwa mfano kwamba lile lilipitia bungeni. Ikiwa huipati, kinachoongea ni chama.

Maswali ya washiriki wa somo

Swali: Mwalimu, je, kutopendelea ni kuzipa pande zote sifa na lawama kwa kiasi sawa?

Jibu: Hapana. Ukikagua madai kumi, kisha manane kati yake yakashindwa, sema manane yameshindwa. Kinachotakiwa kuwa sawa ni kipimo; matokeo yataangukia yanakoangukia.

Swali: Kuondoa watumishi hewa nako si kuokoa?

Jibu: Ni kuokoa hasa, kwa kuwa mshahara ulikuwa ukitoka bila kazi yoyote kufanyika. Lakini usiwachanganye na wenye vyeti vya kughushi, ambao orodha yao ya Aprili 2017 nchini Tanzania ilikuwa na majina 9,932. Hao walikuwa watu halisi waliokuwa kazini, baadhi yao walimu na wauguzi. Kuwaondoa kunaweza kuwa halali kabisa, ila nafasi ikijazwa mshahara hurudi, na isipojazwa kuna darasa au wodi inayobaki na pengo.

Swali: Kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani, tukuhesabu vipi sisi ambao kliniki zetu zilitegemea fedha zile?

Jibu: Andika mambo mawili katika mistari miwili. Fedha zilizoacha kulipwa ni akiba kwa hazina ya Marekani. Dawa na watoa huduma waliopungua huku kwetu ni gharama, hata kama haionekani katika vitabu vyao. Kama Marekani ilipaswa kuendelea kulipa ni swali la maadili, na unaruhusiwa kuwa na msimamo, mradi usiuingize ndani ya hesabu.

Swali: Tumwamini nani, serikali au magazeti?

Jibu: Subiri mkaguzi. Tanzania, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, ikihusu mwaka wa fedha ulioishia Juni iliyotangulia. Kabla ya hapo andika “serikali imesema imeokoa”, na usiandike “serikali imeokoa”.