Sauti ya projekta: ihamishie chini ya picha

Kama unatazama filamu nyumbani kwa projekta na maneno ya waigizaji hayasikiki vizuri, usikimbilie kununua spika kubwa. Anza na mahali sauti inapotokea. Spika ya ndani ya projekta ni ndogo, imebanana na feni, na mara nyingi iko nyuma yako: midomo inacheza ukutani, sauti inatokea kisogoni. Inachosha sana, hata kama hujui kinachokuchosha.

Chukua spika yoyote nzuri uliyonayo, iweke chini ya picha, katikati, ielekee masikio yenu. Iunganishe kwa waya kwenye tundu la hedifoni la projekta. Bluetooth ni rahisi, lakini huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sekunde 0.1, na hapo utaona mdomo umeshafungwa ndipo neno linafika. Waya ukishindikana, angalia kwenye mipangilio ya kifaa kinachocheza filamu kama unaweza kuoanisha sauti na picha.

Halafu simama katikati ya chumba, gonganisha viganja kwa nguvu mara moja. Ukisikia mlio mkali unaorudi, kuta tupu ndizo zinazokuharibia. Tandika zulia zito kati yako na spika, shusha pazia nene. Mimi hutundika blanketi ukuta wa nyuma, na hata mnong'ono nausikia sasa. Spika usiisukumie kwenye kona; besi itavuma na kufunika maneno.