Somo: Fuata herufi moja ya jeni, kutoka kwa wazazi hadi kwenye damu ya mtoto

Mpwa wangu alipogundulika ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, akiwa na miezi tisa, swali la kwanza pale nyumbani halikuhusu dawa. Lilikuwa: "Hii imetoka upande gani?" Dada yangu aliinamisha kichwa, maana ukweni walikuwa wameshatoa hukumu. Kumbe imetoka pande zote mbili, na mtu yeyote anaweza kujithibitishia hilo mezani kwake. Nafundisha baiolojia sekondari, na tangu siku ile mada ya urithi siifundishi tena kwa njegere peke yake.

Andaa karatasi, kalamu na sarafu mbili. Kama una majibu ya kipimo cha hemoglobini, yako au ya mwenzako, yaweke karibu.

Hatua ya 1: Kumbuka kwamba jeni zako zimekuja mbili mbili

Karibu kila seli yako ina kromosomu 46 (nyuzi zilizobeba jeni), yaani jozi 23. Katika kila jozi moja ni ya mama, nyingine ya baba. Jeni tunayoifuata leo inaitwa HBB. Imekaa kwenye kromosomu ya 11, na imebeba maelekezo ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake.

Unazo nakala mbili za HBB. Lakini yai moja la mama, au mbegu moja ya baba, hubeba nakala moja tu, na hakuna mzazi anayechagua ipi iende. Nakala ya kawaida tunaiita A, na yenye hitilafu ya selimundu tunaiita S. Mwenye AA hana hitilafu. Mwenye AS ni mbebaji, na kwa kawaida anaishi maisha yake yote bila kujua. Mwenye SS ana ugonjwa.

Hatua ya 2: Pata majibu yenye herufi mbili

Hapa wengi hukwama. Kipo kipimo cha haraka ambacho damu hunyang'anywa oksijeni kwa kemikali ili ionekane kama ina S. Kipimo hicho kinasema S ipo au haipo, basi. Hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kukupotosha kabisa (sababu iko hatua ya 6). Ukiambiwa "positive" tu, usiondoke. Omba kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini.

Kimojawapo ni elektroforesi. Chembe nyekundu hupasuliwa, hemoglobini yake huwekwa kwenye utando, kisha umeme hupitishwa. Hemoglobini A hutangulia na S hubaki nyuma, kwa sababu hitilafu yake imeipunguzia chaji hasi. Mwenye AS ataonekana na mistari miwili, ya A na ya S. Kwa umeme vivyo hivyo, mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya wengine, wakaiita selimundu ugonjwa wa molekuli. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye molekuli moja ya protini.

Kama mtu ameongezewa damu karibuni, asubiri miezi mitatu hadi minne. Vinginevyo mnapima damu ya aliyechangia.

Hatua ya 3: Chora mraba

Mraba huu una jina la Reginald Punnett, mwanasayansi wa Uingereza. Herufi za mama ziweke juu, za baba ubavuni, kisha ujaze vyumba. Wazazi wote wawili wakiwa AS:

| | Mama: A | Mama: S |
|---|---|---|
| Baba: A | AA | AS |
| Baba: S | AS | SS |

Robo AA, nusu AS, robo SS. Sasa funika safu ya baba ya S kwa kidole, halafu tafuta SS. Haipo. Rudisha, ufunike ya mama. Haipo pia. Dada yangu alipofanya hivi alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba ile karatasi akampelekee mama mkwe wake.

Chora na mengine mwenyewe. AS na AA hawapati SS, ila kila mimba ina nusu ya uwezekano wa kuzaa mbebaji. SS na AA watoto wote ni AS. SS na AS, nusu ni AS na nusu SS.

Hatua ya 4: Rusha sarafu

Sarafu moja ni baba, nyingine ni mama. Kichwa ni S, upande wa pili ni A. Zirushe pamoja mara nne na uandike kila unachopata: hao ni watoto wanne wa familia moja. Rudia kwa familia kumi.

Utaona familia yenye SS wawili waliofuatana, na nyingine isiyo na hata mmoja. Hapo ndipo "robo" inapoeleweka. Robo ni ya kila mimba, wala si foleni ambapo wakipita watatu wazima zamu ya mgonjwa imefika. Sarafu haikumbuki.

Gregor Mendel aliuona uwiano huu kwa sababu alikuwa na mimea mingi mno. Katika bustani ya monasteri huko Brno alichavusha njegere kwa miaka, na matokeo yakachapishwa mwaka 1866. Kwenye kizazi cha pili alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu kabisa na tatu kwa moja. Angehesabu mbegu nne nne kama sisi tunavyohesabu watoto, asingeona kitu.

Hatua ya 5: Fuata herufi hadi kwenye mshipa

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo msiiruke.

Maelekezo ya jeni yameandikwa kwenye DNA kwa herufi nne: A, T, G na C. (Hizi msizichanganye na A na S za majibu ya hospitali.) Herufi husomwa tatu tatu, na kila kundi linaita asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini. Katika HBB ya kawaida kundi la sita husomeka GAG, linaloita asidi ya glutamiki. Kwenye nakala ya S herufi ya katikati imebadilika: GTG, linaloita valini. Binadamu ana herufi zipatazo bilioni 3 katika seti moja ya kromosomu. Iliyogeuka hapa ni moja.

Seli haisomi DNA moja kwa moja. Kwanza hunakili jeni kwenye RNA, kama mtu anayenakili ukurasa mmoja wa kitabu kisichoruhusiwa kutoka maktaba. Nakala hiyo hutoka kwenye kiini na kwenda kwenye ribosomu, ambako asidi amino huungwa moja baada ya nyingine kuwa protini. GTG ya DNA ikinakiliwa kuwa GUG (kwenye RNA herufi U hukaa mahali pa T), ribosomu inaweka valini bila kuuliza.

Asidi ya glutamiki inapenda maji, valini inayakimbia. Hemoglobini S ikishaachia oksijeni, valini ile hutafuta pa kujificha, na inapata kishimo kwenye hemoglobini jirani. Zinashikana mbili, kumi, maelfu, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu ndani ya chembe nyekundu. Chembe iliyokuwa laini na ya mviringo inakunjika kama mundu wa kukatia majani, na jina selimundu limetoka hapo.

Chembe ya mundu haipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Inaziba, na nyama iliyo mbele yake inakosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa, na vidole vya mtoto kuvimba. Tena chembe hizi hufa mapema: ya kawaida huishi siku kama 120, ya mgonjwa siku 10 hadi 20. Uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe hizi, haufidii kwa kasi hiyo, ndiyo maana damu inapungua; na mabaki ya chembe zinazovunjika ndiyo yanayofanya macho yawe ya manjano.

Mwenye AS naye anatengeneza S, ila A yake ni nyingi zaidi na inazizuia nyuzi zisijiunge.

Hatua ya 6: Tazama swichi

Kila seli yenye kiini ina HBB, ya ngozi, ya jicho, ya ini. Mbona ngozi haitengenezi hemoglobini? Kwa sababu kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni kuwashwa ni jambo jingine. HBB huwashwa kwenye seli za uboho zinazokua kuwa chembe nyekundu.

Hata humo haikuwashwa tangu mwanzo. Mtoto akiwa tumboni hutumia jeni nyingine, zinazotengeneza hemoglobini F, ambayo inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama yake na hivyo kuipokea kwenye kondo. Karibu na kuzaliwa mwili huanza kuzizima hizo na kuwasha HBB. Kwa hiyo mtoto mwenye SS huzaliwa mzima, ananyonya, anacheka, na dalili huanza F inapopungua, mara nyingi baada ya miezi sita. Wengi husema amerogwa, kwa kuwa "alizaliwa hana kitu". Alizaliwa nayo, ilikuwa haijawashwa kikamilifu. Ndiyo maana kile kipimo cha haraka cha hatua ya 2 hupotosha kwa mchanga: S yake bado ni kidogo, F ndiyo nyingi.

Vidonge vya haidroksiyurea ambavyo wagonjwa wengi hupewa husaidia hasa kwa kuongeza hemoglobini F tena.

MASWALI YA WADAU

*Mwalimu, mimi ni group A na mchumba wangu ni O. Kwa mraba wako tuko salama?*

Hapana dada yangu, hiyo ni A nyingine kabisa. Makundi ya A, B, AB na O yanatokana na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 9, na hayasemi lolote kuhusu selimundu. Kadi yenu ya kuchangia damu haitoshi. Nendeni mkapime hemoglobini.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Kama SS walikuwa wanakufa wadogo, kwa nini S haikuisha zamani?*

Marahaba. Hilo ndilo swali lililomsumbua Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya, akaona wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ukiweka ramani ya malaria juu ya hiyo, zinafanana. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtu na malaria. Mtoto wa AS alinusurika malaria kali kuliko wa AA, akakua, akazaa, na S ikaendelea. Ila kwenye mtihani usiandike kwamba SS wanalindwa. Kwao malaria ni hatari kubwa, wanahitaji chandarua na kinga kuliko mtu yeyote.

*Mtoto wetu ni SS, mimi AS, mke wangu karatasi inasema AA. Ndugu wameanza maneno. Nifanyeje?*

Kaka, usitoe neno hadi mrudie vipimo kwenye maabara kubwa, nyote watatu. Sampuli huchanganywa. Kama mkeo aliongezewa damu wakati wa kujifungua, majibu yake yanaweza kuwa ya mchangiaji. Na ipo hitilafu nyingine ya HBB, thalasemia ya beta, ambayo nakala ya jeni inatengeneza protini kidogo au haitengenezi kabisa. Mama mwenye nayo huweza kusomeka AA kwenye kipimo cha kawaida. Mtoto akichukua hiyo kwa mama na S kwa baba, utando unaweza kuonyesha S peke yake kama SS. Mwombe daktari apime na hemoglobini A2 ya mama, aina ambayo kwa kawaida huwa juu kwa mbebaji wa thalasemia hiyo. Nimeona nyumba ikivunjika kwa karatasi moja iliyosomwa haraka, tafadhali msikimbilie huko.

*Assalaam alaykum. Niko Muscat, wazee wetu wametoka Unguja. Huku baadhi wanasema huu ni ugonjwa tulioubeba sisi kutoka Afrika. Ni kweli?*

Waalaykum salaam. Nusu ya habari. Wanasayansi wakisoma herufi zinazoizunguka S kwenye DNA hukuta mifumo kadhaa, nao wameipa majina kama Kibantu, Benin, Senegal, na wa Kiarabu na Kihindi. Oman mfumo wa Kibantu umo, lakini wa Benin na wa Kiarabu na Kihindi imo pia. S iko Saudi Arabia, India, Ugiriki na Sicilia. Ilikaa palipokuwa na malaria, bila kuangalia rangi ya mtu.

*Nimesikia tiba ya kukata jeni imepatikana. Mtu akipona kwa hiyo, watoto wake watazaliwa bila S?*

Tiba ipo. Inaitwa Casgevy, na iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023, kisha Marekani Desemba mwaka huohuo. Hawaigusi herufi yenyewe. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa na kwa mkasi wa CRISPR wanakata sehemu inayoiwezesha jeni ya BCL11A kufanya kazi ndani ya seli za damu. BCL11A ndiyo inayozima hemoglobini F, kwa hiyo ile swichi ya hatua ya 6 inarudi kuwaka. Mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho wake, kisha hurudishiwa seli zilizokatwa. Ilipotoka Marekani bei yake ilikuwa dola milioni 2.2, kwa hiyo kwa familia zetu bado ni habari ya kusoma. Haidroksiyurea na kliniki visiachwe kwa kuisubiri.

Kuhusu watoto: kilichobadilishwa ni uboho, si mayai wala mbegu. Aliyepona kwa njia hii bado atampa kila mtoto S moja. Mwenzake akiwa AA, watoto wote ni AS. Akiwa AS, rudi hatua ya 3, uchore mraba upya.